Kumbukumbu za Kikao cha Jumanne

Chumba cha juu cha baa, Harrowthwaite, Novemba,
mvua ikisugua dirisha bila kulitakatisha.
Tulikuwa saba. Kiti cha nane
tulikisogeza ukutani bila kuambizana.

Pauni elfu kumi na moja, mia tatu arubaini na mbili.
Zilikuwa tuba mpya, hizo, na tarumbeta ndogo mbili;
zilikuwa miaka sita ya kuuza keki na tiketi za bahati nasibu,
na vidole vya watoto vikigandia shaba
tukipiga nyimbo za Noeli mbele ya benki.

Dorothy Haigh, katibu, kalamu hewani:
"Niandike amefanya nini?"

Wakili Lumb akasema *embezzle*,
neno lenye nyuki wawili katikati,
wamefungiwa chupani, wanatafuta pa kutokea.
Kasisi akaona linauma mno.
Akaomba *misappropriate*, refu, mabehewa matano,
linapita mbele yako taratibu mpaka usahau
kwamba dirishani mle kuna mtu amekaa na mkoba.

Mwalimu Gaukroger, aliyefundisha Kilatini
mpaka Kilatini kikafutwa,
akatukumbusha *peculate*: chini ya neno hilo, alisema,
wamelala ng'ombe,
maana mali ya kale ilikuwa na pembe.
Na ndani ya *defalcate* mna mundu.
Basi tukamwona Enid Ibbotson, miaka sabini na mmoja,
sweta la rangi ya dengu,
akiswaga kundi la watu gizani, mundu begani.
Mtu akacheka. Akajuta.

Fundi bomba akapendekeza *fiddle*.
Hiyo si fidla? akaulizwa.
Sisi ni bendi ya shaba,
hatujawahi kuruhusu nyuzi humu.

"Kaiba," akasema Callum wa tuba, miaka kumi na sita,
tuba yake imebandikwa plasta kama goti la mtoto.
Akaketi.

Mimi nilinyamaza.
Nilikuwa tarishi miaka thelathini na mmoja,
nikibeba maneno ya watu yaliyofungwa kwa gundi,
na sikufungua hata moja. Nilijisifia hilo.

Hundi za bendi zilitaka sahihi mbili.
Ya kwanza yake.
Kila Januari alikuja kwangu na keki ya tangawizi
na kitabu kizima cha hundi,
nami nikasaini zote, tupu, moja baada ya moja,
chai ikipoa, tukizungumzia paka wake.
Paka yule alitibiwa meno kwa nusu ya tarumbeta.
Risiti ipo. Ipo na ya mafuta ya kupashia nyumba moto,
na ya hoteli moja kule Scarborough,
usiku mmoja, mtu mmoja, Februari,
nani huenda pwani Februari?

Nimepekua kamusi nyumbani, usiku, jalada hadi jalada.
Kiingereza chetu ni karimu kwa mwizi,
kila kidole chake kimefumiwa glavu.
Lakini mkono wa upande wa pili wa meza,
ulioshika kalamu huku ukifikia keki,
huo sikuuona popote.
Nilitafuta hata kwenye nyongeza.

Mwishowe Dorothy aliandika: Fedha hazipo.
Mstari mmoja.
Akanisukumia daftari, kama siku zote,
akaweka kidole pale pa kusaini.

Nilivaa miwani.
Nikaanzia juu kabisa, kwenye tarehe,
majina ya waliofika, udhuru wa wasiofika,
bei ya kukodi chumba.
Chini walikuwa wakipiga kengele ya kufunga.
Callum alishavaa koti.
Nikafungua ukurasa wa pili.