Pamba Ndani ya Kopo

Sista Skolastika haongei, ananyoosha kidole.
Mstari wa kumi na tisa: Kapaya Mihambo.
Tarehe imepita siku arobaini na moja
na pembeni, kwa wino mwekundu, neno moja: mtoro.

Mtoro ni mwanafunzi, nasema. Mtoro ni askari.
Huyu ni mrina asali.
Anaguna. "Haya, kamlete mrina wako."

Simu yake haipatikani.
Asali ikiiva watu wa Ipole hufunga milango,
huchukua unga, chumvi, shoka,
huifuata mizinga ilikotundikwa
na kurudi kwa saa ya nyuki, si kwa saa ya kadi.

Nikaazima baiskeli kwa karani wa ghala la tumbaku,
tairi la nyuma limefungwa mpira kama kidole chenye jeraha.
Barabara ikawa njia,
njia ikawa alama za shoka kwenye magome.
Mbung'o wakaniuma juu ya kitenge.

Kambini walikuwa wanne, macho manne manne.
Nikasema: natafuta asali ya harusi,
nimeambiwa ya Kapaya haina moshi.
Wakacheka. Wakaniachia yeye na debe lake.

Nilikuwa na hotuba.
Nilifundishwa Tabora mjini, siku tatu, soda na maandazi.
Ilidondoka mahali fulani kwenye makorongo.

Akatoa kopo chini ya gunia.
Tupu. Ndani pamba tu.
"Niliweka visipige kelele nikitembea.
Kopo likilia kama kayamba
kila mtu anaujua wimbo."

Kisha akasema taratibu, akikamua sega:
"Mara ya mwisho nilichelewa siku mbili.
Nilisemwa mbele ya benchi.
Na benchi la Jumanne linatazama kisima, Nyamizi,
wanaochota maji pale ni mashemeji zangu,
na mashemeji wanajua kuhesabu."

Sikujibu.
Nikafungua mkoba, nikatoa kopo langu,
nikalitikisa karibu na sikio lake.
Kimya.
Miaka kumi na mmoja ya pamba.

Akalishika kama mtu anavyoshika yai la ndege asiyemjua.
Halafu, bila kuniangalia:
"Na kile kichwa? Mwaka jana ulikuwa unashika kisogo.
Presha umepima?"

Nimepima, nikasema.
Uongo mwepesi, ukateleza kwenye asali.
Mimi ndiye ninayesoma majina,
sijawahi kusikia langu likisomwa.

Alikuja Alhamisi.
Sikumwambia Alhamisi, aliichagua mwenyewe,
siku ya watoto wenye kikohozi na wajawazito na vidonda,
benchi ambalo haliulizi umefuata nini.
Wakampima uzito, wakamtoa damu, wakamwangalia kifua.

"Miezi mitatu," Sista akasema.
"Miezi mitatu msitu haunitoi."
"Umekatisha dawa, Kapaya, siwezi kukupa sita."
"Basi utaandika mtoro tena."

Nikaona mkono wake ukisimama juu ya daftari.
Wino mwekundu haufutiki. Alijaribu kwa mate, karatasi ikachubuka.
Akaandika juu yake, kwa kalamu ya kawaida, mrina,
na chini, herufi ndogo:
nani anaweza kumfikishia?

Hawakumalizana siku ile.
Walibishana juu ya mifugo na mvua na mke wake wa Sikonge,
nami nikiwa mlangoni na baiskeli ya watu,
mpaka Sista akageuka:
"Na wewe kaa hapa."

Mkanda ukanibana mkono.
Akaangalia namba, akaangalia tena,
akavuta kadi mpya, nyeupe,
akaniuliza jina langu kama hanijui.

Kapaya alikuwa akifungasha.
Nikamsikia akichana pamba,
vipande viwili.

Lita tano za asali ziko chini ya kitanda changu.
Kambini, nasikia, bado wanauliza
bwana harusi ni nani.