Sikio Lililouzwa

Tiketi nilipewa na Marilei, binti wa dada yangu,
kwa kuwa mvua ilitabiriwa na yeye ana nywele mpya.
Nikachemsha kokwa za msonobari, nikazifunga moto moto ndani ya skafu,
nikapanda basi la saa saba kwenda uwanjani
huku ukungu wa Caxias ukishuka juu ya mizabibu
kama mtu anayetandika kitanda bila haraka.

Dada yangu huniita sikio la kufa.
Si kweli. Langu halikufa, liliuzwa:
miaka thelathini na mmoja, zamu ya usiku,
kiwanda cha blanketi, mtambo nambari kumi na nne,
na malipo yake niliyala zamani.
Siku hizi watu wakinisemesha, natabasamu.
Tabasamu hujibu maswali mengi kuliko mnavyodhani.

Kwa hiyo hii Michezo ya Viziwi
niliiona ni ya watu wengine.

Jukwaa lilijaa watu wakibishana, wakitaniana,
wakiagizana kahawa, yote kwa vidole.
Mama mmoja alimkaripia mwanawe
kutoka safu ya tatu hadi safu ya kumi na tisa
bila kupaza chochote ila nyusi.
Na mtoto akaketi. Aliketi upesi!

Bastola hapakuwa nayo.
Chini, mbele ya kila mkimbiaji, taa ndogo:
nyekundu, magoti yanagusa ardhi;
njano, migongo inapanda;
kijani,
na wasichana wameshakwenda, kokwa ingali shavuni mwangu.

Kisha mita elfu kumi. Mizunguko ishirini na mitano.
Nilimchagua wa kumfuata kama ninavyochagua tikiti sokoni:
lile ambalo hakuna aliyeligonga.
Jina lake ubaoni nililisoma kwa vipande,
Bo-lor-tu-nga-lag, kutoka Mongolia,
soksi moja nyekundu, moja nyeupe.
Mzunguko wa tisa wa mbele wakampita.
Wa kumi na tano mvua ikaja, kama Marilei alivyosema.
Wa ishirini wakampita tena, na mmoja, akipita,
akamgusa bega. Sijui alimwambia nini kwa kile kidole.

Wenzake wakamaliza, wakavaa bendera, wakapigwa picha.
Yeye alibakiwa na mizunguko miwili na nusu.
Kijana wa zamu akaanza kupanga viunzi njia ya nane.
Mzee wa saa aliitazama saa,
akamtazama yeye, akaitazama saa.

Hapo nikasimama.
Nikapiga makofi ya kiwandani,
yale ya kumwita mwenzio juu ya mitambo arobaini,
nikapiga hadi viganja vikawaka,
na hakuna aliyegeuka.
Kelele ile yote ilikuwa yangu peke yangu,
na hata mimi niliipata kwa mifupa tu.

Jirani yangu, kijana mwenye koti la njano,
akanishika vifundo vya mikono
kama unavyompokonya mtoto sufuria ya moto.
Akaviinua juu ya kichwa changu. Akavitikisa.
Hivi. Akaniachia.
Nilipotazama, jukwaa zima lilikuwa hewani:
mikono, mikono, glavu, mwavuli mmoja,
vyote vikitetema kwenye mvua,
na kule chini Bolortungalag ameinua uso,
anatazama juu, safu kwa safu,
anakimbia vibaya, anacheka, karibu ajikwae.

Kokwa zilimwagika. Sikuziokota.

Kwenye basi la kurudi dereva alisema kitu.
Nilikuwa na tabasamu tayari, limekaa mahali pake.
Nikalirudisha.
Nikagusa sikio, nikatikisa kichwa:
sisikii. Sema tena.
Akageuka, akasema taratibu, nikiiona midomo yake:
Nani kashinda?

Sijui, nikamwambia.
Soksi moja nyekundu, moja nyeupe.