Noti Inayochechemea

Ruwi, Agosti, saa nane za usiku.
Kiyoyozi kinakoroma kwa sauti ya fa,
nami nimeinamia santuri ya miaka tisini:
watu kumi na mmoja
wanapuliza kana kwamba nyumba inaungua.
Mimi nina watu themanini, na wote wana adabu.

Saksafoni tatu nimezigawia viola.
Kazi ya banjo nimekipa kinubi; kimenuna.
Ubeti wa pili una mkwaruzo,
sijui ni sindano iliyoteleza
au mpiga klarineti aliyekosea, akacheka.
Nimeuandika vivyo hivyo.
Zumari italipiga, kosa pamoja na kicheko chake.

Lakini mwendo, wallahi, mwendo hauandikiki.
Noti mbili zilizo sawa karatasini
si sawa midomoni mwa wale.
Jana fidla walizipiga zikanyooka
kama kanzu iliyotoka kwa dobi.
Nikawaambia: legezeni.
Wakalegea wote kwa pamoja, kwa mpigo mmoja.

Ndipo nikamsikia baba
anakwenda jikoni kunywa maji.
Ndala moja ndefu, ndala moja fupi,
goti alilolivunja Bububu ujanani
ambalo halijapata kumchelewesha popote:
shwaa-ta, shwaa-ta,
na kila hatua ikiangukia pake.

Nimefuta maelezo yote ya Kitaliano.
Juu ya mstari wa kwanza nimeandika:
"Kama Mzee Mselem, usiku, ana kiu."

Kesho Zuwena wa fidla ya kwanza
ataniuliza Mselem ni nani.
Nitamwomba baba apite jukwaani
mara moja tu,
asivae raba.