Kula Kifaransa

Tima ametuma elfu nne kwa simu
na ujumbe chini yake: Mama, wewe na Baba
mle Kifaransa, mara moja tu,
msizigeuze mchele.

Mbaruku akavaa kofia ya Ijumaa, na leo ni Jumatano,
akaenda kusoma bei zilizotundikwa malangoni
kama asomaye matokeo ya mtihani,
kidole kikishuka, midomo ikicheza.
Alirudi adhuhuri, shati limemganda mgongoni.
"Kwa Odile, Mwanaheri, supu ya vitunguu
elfu na mia mbili. Vitunguu!
Hivi hivi vya fungu hamsini, vya kutuliza."

Nikacheka, nikaendelea kusugua.
Mimi mikahawa hiyo siijui kwa bei.
Miaka kumi na tisa vitambaa vyao vya meza
hunijia Jumatatu, vimefungwa ndani ya shuka
kama mizigo ya watu waliofukuzwa nyumba,
nami huvifungua uani, na kuvisoma.

Kwa Odile: tone moja la divai,
dogo kama mbegu ya pilipili,
na pembeni alama ya jivu la sigara. Basi.
Vingine huja vyeupe, vinanukia manukato,
hata naona haya kuvitia majini.
Pale watu hukaa. Kama hula, sijui.

Ile ya hotelini, ghorofa ya juu: siagi,
siagi kila pembe, na ganda la kamba
lililosahauliwa kwenye pindo.
Siku moja nilikuta pete. Nikairudisha.
Wakanishukuru kwa kipande cha sabuni,
mimi, dobi.

"Iko na ile ya nyuma ya stoo ya mbao," akasema,
"lakini bei zimeandikwa kwa chaki.
Mimi bei inayofutika siiamini.
Tena mpishi ni Karisa wa Maweni. Mfaransa gani huyo?"

Katika mji ambao hata muuza madafu
hukuamkia kwa Kitaliano,
mume wangu ndiye wa kudai pasipoti ya sufuria!

Vitambaa vya Karisa ni sita tu, vya miraba,
viwili nimevitia viraka kwa mkono wangu.
Huja na mafuta, na haradali, na makombo
yanayoita kuku wangu wote,
na kiganja kizima cha mtoto,
na mara moja hesabu, kwa kalamu ya wino:
mtu amegawanya deni kwa wanne, akakosea.
"Pale," nikamwambia, "ndipo watu wanapokula."

Tukaenda. Mbaruku, kabla hajavuta kiti:
"Mchuzi una divai?"
"Wenu nimeutia ukwaju," Karisa akajibu,
"na yule mzee aliyenifundisha
yuko mbali, hatasikia."
Kuku alikuwa ameiva hadi mfupa ukakata tamaa.
Jina lake lilipitia puani;
Mbaruku alilijaribu mara tatu
mpaka meza ya pili wakamkabidhi leso.
Mkate ulilia ukivunjwa. Maziwa ya kugandisha,
juu yake sukari iliyounguzwa kwa makusudi,
na mimi nilizoea kupigwa na mama
kwa kuunguza sukari.

Elfu mbili na mia sita.
Zilizobaki, Tima, usituulize zilikwenda wapi.
Kilo ni mia na themanini siku hizi.

Nilipokuwa nasimama, kijiko kiliniponyoka,
mchuzi ukamwagika karibu na kiraka changu,
ukaenea polepole, kama mtu aliyekaribishwa.
Mbaruku akakurupuka na chumvi, na ndimu,
vyote nilivyomfundisha.
"Liache," nikasema.

Jumatatu litanijia uani pamoja na mengine.
Nitaloweka, nitasugua, nitaanika.
Hilo nitaliacha la mwisho.