Kopo la Saba

Filamu ilikuja kwa treni, ndani ya makopo ya bati
yaliyofungwa kamba ya katani. Katani yetu wenyewe,
imekwenda Urusi na imerudi, alisema Bwana Jivraj,
naye alikuwa mtu wa kusema lolote ili auze tiketi.
Makopo sita. Hati iliandikwa saba.

Mwaka ule Mbaruku alikuwa amerudi kutoka Kagera.
Alipoondoka alijiongezea miaka miwili
kwa kalamu ya karani.
Aliporudi, miaka ile miwili ilikuwa imezaa.
Mama alimsongea bada. Alikula amesimama,
mgongo ukutani, macho mlangoni.

Nilimpeleka mimi.
Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja
na shilingi tatu za karanga,
na nilidhani sinema ni dawa.

Theluji. Hakuna aliyewahi kuiona.
"Katani hiyo," mtu akanong'ona nyuma, na kweli,
ilikuwa kama Ngomeni siku ya kuanika,
weupe mtupu hadi macho yanauma,
na katikati yake mtoto, kofia ya babake imemmeza,
ameweka sikio kwenye reli.

Mhandisi Shekiondo, aliyesomea kwao,
alisimama kando ya pazia na kipaza sauti:
Anasema treni inakuja.
Anasema hii si ya kwetu.
Anasema, mama, amka.
Anasema...
Kisha akanyamaza. Kipaza sauti kikabaki kinapumua.
Hakuna aliyemdai tafsiri.

Kopo la nne, mtoto anacheza peke yake
kwa vifungo vya makoti ya wafu,
anavipanga kama kete, anajifunga mwenyewe,
anajila mwenyewe, hacheki.
Mbaruku hakugusa karanga.

Kopo la sita ni daraja.
Mtoto anavuka, na ng'ambo majani yanatikisika
bila upepo.
"Lala chini!"
Ukumbi mzima ukacheka. Alikuwa kaka yangu.
"Lala chini, mdogo wangu, lala!"
Safari hii hakucheka mtu.
Mtoto akageuka, naapa, akatutazama,
kama aliyesikia Kiswahili kwa mara ya kwanza,
na picha ikakatika.
Ukuta mweupe. Feni. Kikohozi.
Bwana Jivraj akatoka na kopo tupu mkononi
kutuonyesha kwamba hakuibiwa mtu.

Alhamisi iliyofuata Mbaruku alikwenda stesheni.
Na Alhamisi nyingine.
"Kopo la saba limefika?"
Makarani walimcheka, wakamzoea, wakahamishwa,
akabaki Bi Zamoyoni, ambaye kila mara
alifungua daftari, akashusha kidole mstari kwa mstari,
mpaka chini kabisa.
"Bado, kaka. Jaribu wiki ijayo."

Ukumbi ukawa ghala la saruji.
Treni ya abiria ikakoma, nyasi zikashika reli.
Siku moja nilimkuta huko, mvi kichwani,
amepiga magoti, sikio kwenye chuma.
Sikumwita. Nilirudi Ngamiani kwa njia ndefu,
nikanunua vitu nisivyovihitaji.

Mwaka jana mjukuu wangu aliipata kwenye simu.
Yote, hata lile kopo.
Niliitazama jikoni, sauti chini,
sufuria ikiungua.
Dakika kumi na nne.
Sasa ninajua kilichompata yule mtoto darajani.
Katika Tanga hii, labda ni mimi tu ninayejua,
na mjukuu, ambaye aliona ni ya zamani, haina rangi.

Jioni Mbaruku alipita kunywa kahawa.
Siku hizi anakaa kitini, lakini kiti
lazima kiegemee ukuta.
Akauliza. Huuliza kama watu wanavyouliza hali.
Nilikuwa namenya karanga.
Nikaziangalia karanga.
"Bado," nikasema. "Wanasema Alhamisi."

Akashusha pumzi.
Akanyosha mkono,
akaomba chache.