Salfa ya Mistari

Ligi inaanza Jumamosi.
Leo Jumanne Newala imeamka ndani ya ukungu
kama kuku ndani ya tenga.
Sioni hata mlango wa choo changu,
ila goli la kusini naliona,
nikifumba macho ndiyo naliona zaidi,
lile lenye mwamba uliopinda
tangu Hokororo alipoukosa mpira
akaupata mwamba, kwa kichwa.

Miezi mitatu hatukuwa na la kusema.
Tulisema ndoa ya binti wa Chinguwile ikaisha,
tukasema maji ya bomba, nayo yakaisha,
tukasema bei ya salfa
mpaka bei yenyewe ikachoka kupanda.
Mume wangu, kwa kukosa mechi,
alifungua redio ambayo haikuwa mbovu.
Zimebaki skrubu tatu mezani
na sasa inashika Msumbiji tu.

Mimi husikiliza, sisemi.
Mwanamke akijua maana ya kuotea
huulizwa nani kamfundisha.
Hakuna.
Mama alikwenda nami fainali ya tarafa, mgongoni,
nina surua, mwili mzima moto,
na wanasema tulipofunga
nililia kabla ya watu wote.

Basi wamesajili mtu kutoka Tunduru.
Mguu wa kushoto. Hanywi. Anasali.
Somoe wa mgahawa kamwona kwa macho yake:
kala chapati saba, kaulizia ya nane.
Kijiwe kizima kikazihesabu zile chapati
kama magoli ya mzunguko wa kwanza.

Jezi nazo zimefika, ndani ya boksi la sabuni.
Tisa haimo.
Sita zipo mbili.
Katibu kakuna kidevu, kamati ikanitazama mimi,
mimi na cherehani yangu.
Nikaifumua sita moja, nikaipindua, nikaishona.
Usiku ule nilimwota huyo wa Tunduru
anakimbia kichwa chini miguu juu
na bado anafunga.

Mwaka jana tulinusurika kwa goli moja.
Ugonjwa wetu ni dakika ya themanini na nane:
tunaongoza, tunaongoza,
halafu kitu cheupe kinatuingia kimyakimya
kama ubwiri unga kwenye maua ya mkorosho,
asubuhi ua, jioni vumbi.
Mwaka huu hapana.
Nimesema hivyo mwaka juzi pia. Hapana.

Chokaa ya kuchorea uwanja haipo.
Mweka hazina anasema hela ipo
ila haipo hapa.
Nyuma ya mlango wetu kulikuwa na mifuko minne ya salfa,
ya kupuliza wiki ijayo, mikorosho ikichanua.
Nasema kulikuwa.

Saa nne usiku, mimi, Somoe na kijana wake Nanjota,
kopo la maziwa tumelitoboa kwa msumari,
kamba ya kufungia mbuzi tumeinyoosha
kutoka kona mpaka kona.
Vumbi la njano likashuka,
macho yakawasha, pua zikawasha,
Somoe akapiga chafya tatu katikati ya uwanja
nasi tukacheka kwa kuzibana midomo.
Ukungu ulikuwa unarudi.
Mstari ukiuchora unaumeza,
unarudi nyuma kuutafuta kwa mkono.

Ndipo tukasikia ndara.
Nanjota akazima tochi.
Naijua ile hatua, miaka kumi na tisa naisikia
ikitoka shambani, ikitoka msikitini,
ikitoka mechini tumefungwa.
Ikasimama kwenye eneo la penalti.
Mume wangu akainama, akagusa chini,
akanusa kidole.

Nikangoja.
Hata usiku nao, naona, ulingoja.

"Hapo kwenye kona," akasema, "mmepinda."

Akashika ncha ya kamba, akaivuta.
Tukapiga nusu duara, tukapiga kati.
Akauliza mechi ni lini, kana kwamba hajui.
Jumamosi, nikamwambia.

"Siku nne," akasema. "Umande utaila yote.
Itabidi tuje tena na mfuko wa pili."