Chupa Namba Arobaini na Moja

Rafu ya chini, chumba cha nyuma, Nyegezi:
samaki mmoja ndani ya dawa,
mdogo kuliko kidole changu cha shahada
(shahada pekee niliyo nayo),
rangi zake zimenyonywa, jicho limekuwa jiwe la chumvi.
Lebo ni ya penseli, mwandiko wa mtu nisiyemjua:
Furu. Ghuba. Aina: ?

Miaka kumi na tisa ninaifuta vumbi.

Dokta Lushinge alinifunza kuhesabu
miiba ya mgongo, magamba ya ubavu,
meno, kwa lenzi na ncha ya sindano.
"Nkwimba," alisema, "kujua ni kutofautisha."
Nikahesabu. Nikatofautisha.
Siku moja nikamuuliza: huyu wa arobaini na moja
alikula nini? Aliatamia mayai kinywani kama wenziwe?
Ule mwanga wa kijani, pima kumi chini,
kwake ulikuwa mchana, au ulikuwa nini?
Dokta akavua miwani,
akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa tena.
Hilo ndilo jibu nililopata.

Sangara aliwahi kabla ya daftari.
Alichomeza hakukiorodhesha.

Mama yangu, muuza dagaa wa Kirumba,
herufi hakuzijua, furu aliwajua:
wa tumbo jekundu alikuwa na jina lake,
wa miambani lake, na yule mchungu,
hata paka humsusa, naye lake.
Nikamwendea na kalamu.
Majina matatu yakaja. La nne likamkaa ulimini,
akalitafuta mpaka chai ikaota utando.
"Nilikuwa nalo," akasema,
akatazama mikono yake, kana kwamba limedondokea pale.
Tulimzika Juni, Buhongwa. Alikwenda nalo.

Usilolijua, walisema, ni usiku wa giza.
Lakini usiku una alfajiri, hata ukiwa mrefu.
Nisichokijua kwa kuwa sijasoma, nitakopa nisome.
Kisichojulikana na yeyote, bado kinangoja mtu wake.
Ila hiki, ambacho mlango wake
umefungwa kwa ndani, na aliyeufunga hayupo...
hapa ndipo Kiswahili changu kinapoishia,
na Kisukuma nimejaribu.

Juzi wamekuja vijana na mashine ya vinasaba.
"Formalini imekula kila kitu," wakasema. "Tuitupe?"

Nikaichukua, nikaiinua dirishani.
Ghuba yote ikaingia chupani,
mawe, magugu maji, mabati ya ng'ambo;
na mtumbwi uliokuwa unakwenda Luchelele
ukageuka kwenye kioo, ukawa unarudi.
Samaki katikati. Anaelea tu.

Penseli ilikuwa imefifia.
Nikatafuta wino, nikaipitia ile alama ya kuuliza,
mkunjo wake, kisha nukta.
Nikairudisha chupa mahali pake,
kati ya arobaini na arobaini na mbili,
ambao nawajua
kwa majina tu.